Kifundo kimefungwa, vidole visifungwe

Pole sana dada. Umesema leo ni siku ya 12 tangu upasuliwe na kuwekewe chuma kwenye kifundo cha mkono kilichovunjika, majirani wanakukataza hata kuchezesha vidole, na wewe unawaza kurudi kubeba dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza.

Vidole vichezeshe leo hii. Plasta inazuia kifundo tu. Vidole, kiwiko na bega havikuvunjika. Kunja ngumi taratibu, nyoosha mpaka mwisho, rudia mara kadhaa kila saa ukiwa macho. Mama yangu naye alifungwa plasta ya kifundo, akavituliza vidole wiki 6 nzima kwa hofu. Plasta ilipotoka hakuweza kushika hata mwiko, na mazoezi yakachukua miezi. Inaniuma mpaka leo kwamba hatukumwambia mapema.

Ukilala, mkono ukae juu ya mito, juu ya usawa wa moyo, uvimbe upungue.

Kuhusu muda wa kukaa na plasta, chuma kikishika vizuri wengine huhamishiwa kwenye kishikizo cha kuvua na kuvaa baada ya wiki 2 hivi. Waliowekewa nyaya za kushikilia mfupa badala ya chuma mara nyingi hukaa na plasta wiki 4 hadi 6. Aliyekupasua ndiye aliyeuona mfupa wako, kwa hiyo usijivue mwenyewe. Na ndoo ya dagaa hapana, dada, hata kama biashara inadorora. Mfupa huhitaji takribani wiki 6 kuunga, mzigo mzito husubiri zaidi.

Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje siku ya kliniki.