Kujifunza Active Directory: anza na DNS

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kujifunza kusanifu na kusimamia saraka ya mtandao wa kampuni, na kama inatosha kukariri hatua za kusimika Active Directory, saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za watumiaji na kompyuta za mtandao. Haitoshi. Kusimika ni kazi ya muda mfupi. Kinachokula miezi ni kuelewa kwa nini imegoma.

Anza na DNS, huduma inayotafsiri majina ya kompyuta kuwa anwani zake. Kompyuta inayotaka kujiunga na domeni (watumiaji na kompyuta zinazosimamiwa pamoja na saraka moja) haijui seva iko wapi. Inaiuliza DNS rekodi za SRV, yaani rekodi zinazoonyesha huduma fulani iko kwenye seva ipi: zinataja seva ya LDAP (lugha ya kuisoma saraka) na bandari yake 389, na ya Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia) kwenye bandari 88. Katika maabara yangu ya kwanza niliziacha kompyuta zikitumia DNS ya ruta. Intaneti ilifunguka vizuri, nikaamini mtandao hauna tatizo, nikapoteza siku mbili nikibadilisha nywila na kusimika seva upya. Kumbe ruta haikuwa na habari yoyote ya domeni yangu. Tangu hapo nikiambiwa domeni imegoma, kitu cha kwanza ninachoandika ni nslookup, amri ya kuiuliza DNS. Cha pili naangalia saa, maana Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

Sasa usanifu. Hapa ndipo nilipoumia kweli. Mwajiri wangu mmoja wa zamani alinipa chati ya idara, nikaichora vilevile kwenye saraka, vitengo (OU, mafungu ya kupangia akaunti) ndani ya vitengo, ngazi tano. Miezi michache baadaye idara mbili zikaunganishwa, nyingine ikavunjwa. Kila akaunti niliyoihamisha iliacha sera (mipangilio inayowekwa kwa kitengo, kama printa za kutumia) za ilikotoka na kubeba za ilikokwenda, na asubuhi watu wakajikuta hawana printa.

Kitengo kiundwe kwa sababu mbili tu: kuna mtu utakayemkabidhi akisimamie, au kuna sera inayowahusu waliomo peke yao. Idara ya mtu iandike kwenye taarifa za akaunti yake. Ruhusa za folda toa kwa makundi, kwani kitengo chenyewe hakiwezi kupewa ruhusa hizo. Na msaidizi anayebadilisha nywila za watumiaji apewe kazi hiyo tu, juu ya kitengo hicho tu. Tafadhali usimwingize kwenye kundi la wasimamizi wakuu wa domeni eti kurahisisha mambo. Nimeona makundi hayo yakijaa watu ambao hakuna anayekumbuka waliingiaje.

Kwa mazoezi, tengeneza mashine pepe tatu (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja halisi): seva mbili za domeni na kompyuta moja ya mtumiaji. Zima seva ya kwanza, kisha ingia kwa akaunti ambayo haijawahi kutumika kwenye kompyuta ile. Akaunti iliyozoeleka itakudanganya, kwa sababu Windows huhifadhi kumbukumbu ya walioingia awali. Akaunti hiyo mpya ikikataliwa ilhali seva ya pili iko hai na inafanya kazi, kagua DNS ya kompyuta. Mara nyingi imeandikiwa seva ya kwanza peke yake.

Halafu futa kitengo kizima kwa makusudi ujaribu kukirudisha. Pipa la taka la saraka lipo tangu Windows Server 2008 R2, lakini ni lazima uliwashe mwenyewe, na uliwashe kabla ya kufuta.