Homrani za Yankees: majibu ya maswali yenu

Ni kweli Babe Ruth peke yake aliwahi kuishinda timu nzima?
Aliishinda zaidi ya moja, kwa idadi ya homrani. Ruth alikuwa mpigaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York. Homrani ni pale mpigaji anapoutandika mpira ukavuka uzio, naye akazunguka besi zote, yaani vituo vya uwanjani. Mwaka 1920, msimu wake wa kwanza New York, Ruth alipiga 54. Timu nyingine zote za American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, kila moja na wachezaji wake wote, hazikuifikia idadi hiyo. Mwaka 1927 akapiga 60, na Athletics wa Philadelphia, waliomkaribia zaidi katika ligi hiyo, wakaishia 56.

Roger Maris alipopiga 61 mwaka 1961, mbona warushaji wa mpira hawakumkwepa kwa kumwachia aende besi ya kwanza bure?
Wangemkwepa waende wapi? Nyuma yake alikuwa anasubiri zamu Mickey Mantle, aliyepiga 54 msimu huohuo. Ndiyo maana Maris hakupewa besi ya bure kwa makusudi hata mara moja mwaka ule. Rekodi yake ya ligi ilidumu miaka 61, hadi Aaron Judge wa Yankees hawahawa alipopiga 62 mwaka 2022.

Don Mattingly ana rekodi gani ya ajabu?
Hii naipenda kuliko zote. Besi tatu zikijaa wakimbiaji, homrani moja huleta pointi nne. Mwaka 1987 Mattingly alipiga sita za aina hiyo, na kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha sita katika msimu mmoja. Sasa tazama misimu yake mingine, tangu 1982 hadi 1995: hakuna hata moja! Mwaka 1985 alipiga homrani 35, akatajwa mchezaji bora wa ligi, na zote 35 hazikukuta besi zimejaa. Alimaliza uchezaji wake na homrani 222 kwa jumla. Kila nikiupitia ukurasa wake wa takwimu, jicho langu linarudi kwenye ile sita.

Je, timu imewahi kupiga tatu za namna hiyo katika mechi moja?
Yankees, Agosti 25, 2011, dhidi ya Oakland. Walikuwa nyuma 7–1. Canó, Martin na Granderson wakapiga moja moja, ikaisha 22–9.

Homrani 306 za mwaka 2019 ndiyo rekodi?
Yankees waliivunja rekodi yao wenyewe ya 267, ya mwaka mmoja tu nyuma. Lakini msimu huohuo Minnesota Twins walipiga 307.