Oliver na kile kiti kitupu

Hapana ndugu, unayesema Michael Rectenwald aliporwa: hakuporwa tiketi ya urais ya Libertarian, chama kidogo cha Marekani, mwaka 2024. Aliongoza raundi za mwanzo kwa nguvu ya kambi ya Mises, kundi moja ndani ya chama, ila kanuni yao inataka zaidi ya nusu ya kura, na anayeshika mkia anatolewa. Mgombea mwingine, Mike ter Maat, alipotolewa akahamia kwa Chase Oliver, mpinzani wa Rectenwald, akaishia kuwa mgombea mwenza. Hapo hesabu ikageuka, Rectenwald akatolewa. Raundi ya 7 Oliver alibaki na mpinzani mmoja: "Hakuna kati ya hawa", yaani chaguo la kuwakataa wagombea wote. Akapata kama asilimia 60 tu! Yaani wajumbe kibao waliona heri wakose mgombea kabisa. Baadaye viongozi wa chama jimboni Colorado wakataka wamweke Robert F. Kennedy Jr., mgombea huru, badala ya Oliver.