Kanuni za kikundi huandikwa mwisho: niliyojifunza kwa Mtakatifu Colette

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kwaya ya parokia yetu, mwezi wa kwanza tu niliandika kanuni za faini kwa wachelewaji, nikazibandika mlangoni, na kabla ya Kwaresima kwisha waimbaji wa sauti ya pili walikuwa wamejitoa karibu wote. Padre mmoja mzee, badala ya kunikaripia, alinisimulia habari za Mtakatifu Colette wa Corbie.

Colette alizaliwa mwaka 1381 kaskazini mwa Ufaransa, binti wa seremala wa abasia. Alipofiwa na wazazi wake aligawia maskini urithi, akajaribu utawa wa namna kadhaa bila kutulia, na mwaka 1402 akajifungia katika chumba kando ya kanisa kwa nadhiri ya kutotoka. Humo ndimo alimosadiki kwamba anaitwa kuwarudisha Waklara, yaani masista wa shirika la Mtakatifu Klara wa Asizi, kwenye ufukara wa kanuni yake ya kwanza. Hata hivyo hakutoka kwa kujiamulia: aliomba kwanza kufunguliwa nadhiri, kisha mwaka 1406 akaenda Nice kumwona Benedikto XIII, aliyetambuliwa Ufaransa kuwa Papa katika miaka ile ya Farakano Kuu, Kanisa lilipogawanyika kati ya watu walioshindania upapa, akapata idhini. Ukitaka kurekebisha chochote kanisani, anzia hapo, kwa paroko na mwenyekiti wako, hata kama una hakika kwamba wewe ndiwe mwenye haki.

Idhini hiyo haikumfungulia kila mlango. Jaribio lake la kwanza, si mbali na kwao, lilishindikana, naye hakung'ang'ania. Alihamia upande wa Besançon, na mwaka 1410 akapata huko nyumba ya Waklara iliyokuwa karibu tupu. Nawashauri viongozi wenzangu waanze na wachache walio tayari, wala wasione haya kwamba ni wachache. Colette alipofariki Ghent mwaka 1447, alikuwa ameacha monasteri 17.

Kilichoniumbua zaidi ni tarehe moja. Katiba alizowaandikia masista wake zilithibitishwa mwaka 1434, baada ya yeye mwenyewe kuuishi ufukara huo, miguu mitupu, kwa zaidi ya miaka 20. Zangu zilikuwa mlangoni kabla sijawahi kufika mazoezini kwa wakati.

Nilizibandua. Siku hizi nafika dakika 15 mapema, nafuta mabenchi na kupanga vitabu vya nyimbo. Wawili wa sauti ya pili wamerudi, na faini hatujaitaja tena.