Uliza Mama Fundi: Kipima gesi kimenyamaza, mbona kichwa kinauma?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huku Hombolo. Msimu huu bosi alitununulia kipima gesi cha kuvaa, kile cha gesi nne. Juzi mwenzangu aliingia kwenye tenki kutoa machicha ya zabibu, kipima kikiwa kifuani. Hakikulia hata mara moja, lakini alitoka anayumba, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga. Bosi anasema mashine imeonyesha hewa ni safi, huo ni uchovu na jua. Ni kweli?
Kijana wa Hombolo

JIBU: Marahaba mwanangu. Dalili ulizoniandikia ni za gesi. Mwenzako aende zahanati hata kama anajisikia nafuu, na asiingie mtu kwenye lile tenki mpaka umemsomea bosi wako majibu haya.

Washa hicho kipima usome kioo chake. Utaona O2, yaani oksijeni. LEL, yaani gesi zinazowaka. CO, kabonimonoksaidi, gesi ya moshi wa mkaa na jenereta. Na H2S, haidrojeni salfaidi, gesi ya majitaka. Basi. Sasa zabibu zikichachuka zinatoa nini? Chachu inakula sukari, inaacha pombe na kabonidayoksaidi. Hiyo ya mwisho haimo kwenye kioo chako. Kipima chenu hakina kihisi cha gesi iliyomyumbisha mwenzako.

Bosi atauliza: gesi ikijaa si oksijeni itapungua na kipima kitalia? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tupige hesabu taratibu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na vipima vingi hupangwa vilie ikishuka hadi 19.5. Kabonidayoksaidi ikiingia kwenye tenki haisukumi nje oksijeni peke yake, inasukuma hewa kwa jumla, na oksijeni ni sehemu moja tu kati ya tano za hewa hiyo. Ili oksijeni ishuke kwa hiyo 1.4, tenki lazima liwe na kabonidayoksaidi karibu asilimia 6.7. Lakini wataalamu wa afya kazini wanahesabu asilimia 4 kuwa ni hatari ya papo kwa papo kwa uhai, na kwa kazi ya saa nane kikomo chao ni asilimia 0.5. Kwa maneno mengine, mwenzako angeweza kuanguka ndani huku kioo kikionyesha oksijeni 20, namba ambayo mtu yeyote angeiona ni nzuri.

Wala msidhani gesi yenyewe ni kidogo. Lita moja ya juisi yenye gramu 200 za sukari hutoa karibu lita 50 za gesi hadi iishe kuchachuka. Tenki la lita 1,000 linatoa ya kutosha kujaza chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari la mita 3. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatulia chini kama maji kwenye beseni. Mkimwaga juisi na kuacha machicha, gesi inabaki nayo palepale, kwenye kina anachoinamia mtu mwenye koleo.

Mnachohitaji ni kipima chenye kihisi cha kabonidayoksaidi, na kiwe cha mwanga wa infraredi. Ndani yake kuna kitaa kinachopitisha mwanga usioonekana kwa macho kwenye kijichumba kidogo. Kabonidayoksaidi inaumeza mwanga huo kwa kipimo chake maalumu, na kihisi cha upande wa pili kinahesabu umebaki kiasi gani. Vipo vipima vya kuvaa vinavyobeba kihisi hicho pamoja na vile vinne, na pengine hata hicho chenu kina nafasi ya kuongezewa. Muulizeni aliyewauzia.

Siku ya kazi, pulizeni hewa safi kwa feni yenye bomba linalofika hadi chini ya tenki, maana feni ya mlangoni haitoshi. Mpimaji abaki nje, ateremshe mpira wa pampu ya kipima: juu, katikati, chini. Kila kina asubiri kama dakika mbili namba itulie, maana hewa inachukua muda kusafiri ndani ya mpira na kihisi nacho kinachukua muda kujibu. Anayeingia avae kipima kifuani, karibu na pua, kisikae mfukoni. Feni iendelee kupuliza muda wote. Mtu mmoja abaki nje akimtazama, akiwa ameshika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa aliyemo ndani, na huyo wa nje asiingie kwa hali yoyote. Aliyemo akianguka, avutwe kwa kamba na Zimamoto wapigiwe 114. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Kifaa kilichonunuliwa bila kuuliza kinapima nini hakijamtimizia wajibu huo.

SWALI: Mama fundi, habari za kazi. Sisi tunazibua chemba na mashimo ya choo hapa Dodoma mjini. Kabla ya kushuka tunateremsha taa ya chemli. Ikizimika hatushuki, ikiendelea kuwaka tunashuka. Kuna haja ya kununua mashine?
Wazibuaji wa Chang'ombe

JIBU: Ipo, na hiyo taa acheni leo. Shimo la majitaka linatoa methani, na methani ikifika asilimia 5 ya hewa inalipuka kwa cheche yoyote. Nyinyi mnaiteremshia moto kabisa. Tena taa haitambui haidrojeni salfaidi, itawaka vizuri mahali ambapo mtu anakufa.

Na pua msiiamini. Harufu ya mayai viza mnaisikia gesi hiyo ikiwa hata chini ya sehemu 1 kwa milioni. Vipima hulia kwa 10. Ikikaribia 100 pua inakufa ganzi, harufu inatoweka, na mtu anadhani shimo limepoa. Ndiyo maana mashimo haya huua wawili au watatu kwa mpigo: mmoja anaanguka, ndugu yake anamfuata kumtoa.

Mkipata kipima, someni oksijeni kwanza. Kihisi cha LEL cha aina ya kawaida kina kishanga chenye waya wa platinamu wa moto. Gesi inaungua juu yake, joto linapanda, na mashine inasoma joto hilo. Pasipo oksijeni ya kutosha hakuna kinachoungua, na kioo kitaandika namba ndogo kwenye shimo lililojaa methani. Na LEL ikiandika 10, hiyo ni moja ya kumi ya kiwango cha kulipuka, yaani methani nusu ya asilimia. Msisubiri ifike 100, ikifika 10 ondokeni.

Nimeshasikia pia watu wakifungulia shimoni oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Msifanye hivyo kamwe. Oksijeni ikizidi, nguo na nywele zinashika moto kwa cheche ndogo mno. Tumieni feni.

SWALI: Kipima chetu kilikuwa sawa Dar es Salaam. Tumekileta Ihumwa, kinalia nje kwenye upepo kuwa oksijeni ni 18. Kimeharibika?
Msimamizi wa ujenzi

JIBU: Inawezekana ni kizima. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ina mgandamizo mdogo. Asilimia ya oksijeni ni ileile 20.9, ila vihisi vya aina fulani husoma mgandamizo wake, na kilichopangwa pwani kitaandika 18 na kitu. Kiwasheni nje, mbali na jenereta na magari, mkiseti kwa hewa safi kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kikikataa kufika 20.9, au kikirudi kushuka, kihisi kimechoka. Na msikiache juu ya dashibodi. Jua na ukavu wa huku vinakausha maji ya kemikali yaliyomo ndani ya vihisi.

SWALI: Fundi wetu anajaribu kipima kwa kukipulizia kiberiti cha gesi. Kikilia, anasema kizima.
Dereva wa gari la gesi, Kizota

JIBU: Mzuieni. Gesi ya kiberiti ikipulizwa hivyo ni kali mno, inaweza kukiharibu kishanga cha LEL, na haiwaambii lolote kuhusu kihisi cha haidrojeni salfaidi. Kila siku kabla ya kazi kipimeni kwa mtungi wa gesi ya majaribio yenye viwango vinavyojulikana, mkiangalia kwanza tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mtungi. Dawa za kung'arishia dashibodi zenye silikoni nazo zikae mbali nacho. Zinaua kishanga, halafu kipima kinaandika 0 mbele ya gesi inayovuja.