Tofali halipimwi likiwa baridi

Juzi kijana mmoja wa Keko aliniandikia: "Kaka, napima upitishaji joto wa tofali la tanuri, kila nikirudia namba inaruka. Nakosea wapi?" Ujumbe wake umenitonesha kidonda.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa tanuri la kuyeyusha alumini, Buguruni. Nilipima matofali mepesi yenye vinyweleo nikiwa mezani, kwenye nyuzi 27. Upitishaji joto ukatoka wati 0.2 kwa mita kwa nyuzi. Nikakokotoa unene wa ukuta, nikamwahidi mwenye kiwanda kwamba nje hapatazidi nyuzi 70. Siku ya kuwasha pakafika 90. Akaniambia mbele ya vibarua: "Fundi, wewe unabahatisha." Nililipwa nusu. Hela nimeisahau, neno lile bado.

Sikuwa nimebahatisha, nilipima pasipostahili. Tofali la vinyweleo likipata moto mkali, joto huvuka matundu yale kwa mnururisho, yaani kusafiri kama mwanga, na namba hupanda. Alumina nzito (oksidi ya alumini iliyoshikana, isiyo na matundu) hufanya kinyume: ikiwa baridi hukaribia 30, kwenye nyuzi 1000 hushuka hadi kama 6. Kwa hiyo ukiambiwa tofali lina namba moja, uliza: kwenye nyuzi ngapi?

Sasa natumia waya wa moto. Waya wa platinamu unalala kwenye mfereji kati ya matofali mawili, themokapo (kihisi cha jotoridi) imeungwa katikati, vyote ndani ya tanuri. Unapitisha umeme usiobadilika na kuchora jotoridi la waya linavyopanda dhidi ya logi (logarithimu) ya muda, upate mstari. Likipanda kwa kasi, joto limekosa njia: tofali linazuia vizuri.

Kijana wangu, hapo ndipo haraka inapoua. Kipimo cha tanuri kikisema 1000, kiini cha tofali bado kinapanda, na kupanda huko kunajiongeza kwenye mstari wako. Subiri. Mimi husubiri saa nne, na themokapo isipotulia naongeza. Na ukaushe! Masika ya Dar hayana huruma, tofali linakunywa maji ghalani. Nyuzi 110, pima uzito, rudisha, pima tena hadi usipungue. Usiniambie huna muda. Anayekupa kazi ataweka watu karibu na ukuta huo.

Mwezi uliopita nilimaliza tanuri jingine, Chang'ombe. Niliahidi 75. Ukuta ulisoma 77, na mwenyewe akaweka kiganja sekunde moja, akanitazama, akaagiza la pili.