"Mage" si "je": kwa mnaoanza Kiajemi

Wiki yangu ya pili Tehran nilimwuliza mzee mmoja mwenye mvi, kwa adabu zangu zote: "Mage shoma ostad hastid?" Nilidhani nimesema, "Je, wewe ni mwalimu?" Alichosikia yeye ni, "Kwani na wewe ni mwalimu?" Bahati yangu alicheka. Wenzangu wa bwenini walinitania mwezi mzima.

Nilikuwa nimelichukua "mage" kama "aya" ya mtaani. Sivyo. "Aya" ndiyo "je" yao, ya vitabuni na ya taarifa ya habari. Katika mazungumzo ya kawaida swali la ndiyo au hapana hujulikana kwa sauti tu. "Mage" ni "kwani" yetu. Anayelitumia ana jibu lake kichwani tayari, nalo ni kinyume cha maneno anayouliza. "Mage emruz jom'e-st?", kwani leo Ijumaa? Anayeuliza anajua si Ijumaa. "Mage nagoftam?", kwani sikusema? Alisema, na hapo hasubiri jibu, anakulaumu. Kwa hiyo kabla hujalitamka, jaribu "kwani" kwanza. Likikaa vibaya kwa Kiswahili, mbele ya mzee litakaa vibaya zaidi kwa Kiajemi. (Katika maandishi utalikuta kama "magar", ambalo pia lina maana ya "isipokuwa". Usibabaike.)

Ukitarajia kukubaliwa, weka "dige" mwishoni: "Miyay dige?" ni "Si unakuja?" Na ukiwa na wasiwasi anza na "nakone": "Nakone yadet rafte?", isije ikawa umesahau!

Lakini panapotuponza hasa sisi Waswahili ni kujibu. "Nahar nakhordi?", hujala mchana? Kwetu mwenye njaa anaweza kujibu, "Ndiyo, sijala." Kule ukisema "are" (ndiyo) ukanyamaza, watakukodolea macho. Kama hujala, sema "na" (hapana). Kama umekula, sema "chera".

Na "chera" hilohilo ndilo "kwa nini". Siku moja tumesimama mlangoni na mwenzangu wa chumba, nikamwuliza, "Kelid nadari?", huna ufunguo? Akasema, "Chera." Nikaanza kumweleza kwa nini nauliza, kwamba wangu nimeusahau ndani, kwamba nina haraka, naye kashafungua mlango zamani.